Tangazo Lililozimika

Mtu mmoja wa Singida alikuwa na mashine ya kukamua alizeti, na alikuwa na dada. Yeye aliitwa Zefania Msengi, na dada yake Eliwaza. Mashine ilikuwa ya baba yao, mzee aliyeanza na kinu cha kusukuma kwa mikono akamaliza na mtambo wa umeme. Siku zake zilipokwisha alimkabidhi mwanawe wa kiume ufunguo, na kwa mwanawe wa kike akaacha neno tu: kwamba asitengwe na kazi ile. Hakueleza kwa nini. Pengine alidhani halihitaji maelezo.

Kazi waligawana bila kukaa kikao. Zefania alishika kiwanda. Alijua mashine ikikohoa inataka nini, alitambua mbegu mbichi kwa kuiuma, na mafuta yake aliyaacha yatulie kisha akayachuja mpaka ukiweka sarafu nyuma ya chupa unaisoma. Alikuwa fundi, hilo hakuna anayemnyima. Eliwaza alikuwa mtu wa njia. Mume wake alifariki mapema akamwachia watoto wawili, na riziki yao aliitafuta minadani. Mnada ukiwa Mtinko yuko Mtinko, ukiwa Ikungi yuko Ikungi. Alifika Manyoni, alifika Itigi, na msimu ukiwa mzuri alivuka mpaka Babati. Alipanda malori ya mizigo na madumu yake ya mafuta, jiko la mkaa, na kikaango cheusi. Hakupiga kelele kama wauzaji wengine. Aliwasha jiko, akamimina mafuta, akakaanga mihogo, na mtu akisimama kutazama alimwambia, "Onja kwanza." Mafuta mabaya hutoa povu, na moshi wake huwasha macho. Haya yalitulia kikaangoni kimya. Mtu alionja, akauliza yanatoka wapi, akaambiwa, "Kwa Msengi, Singida mjini."

Wachache walinunua palepale. Wengi walijifuta midomo wakaenda zao. Walikaa miezi, wengine mwaka, mpaka siku mafuta ya dukani yalipowaudhi wakamkumbuka yule mwanamke wa mihogo. Ndipo wakafunga safari. Na walipofika kiwandani, kabla hata salamu haijaitikiwa vizuri, walikuwa na swali: "Eliwaza yupo?"

Swali hilo Zefania alilimeza miaka mingi. Yeye ndiye aliyeshinda na joto na kelele za mashine, yeye ndiye aliyetoka jioni na vumbi la mashudu, yale makapi ya mbegu zilizokamuliwa, mpaka kwenye nyusi, na jina lililoandikwa getini ni lake. Lakini mgeni wa kutoka Manyoni alimpita kama anavyoipita nguzo, akawa anamtafuta mwanamke mwenye kikaango. Wivu wa ndugu kwa ndugu hauna kelele. Hukaa kama kutu ndani ya bomba: maji yanaendelea kupita, ladha ndiyo inayobadilika.

Ndipo akaja Audax. Alikuwa kijana mtaratibu, mtu wa Bukoba, amefungua ofisi ghorofani karibu na stendi, na kazi yake ilikuwa kuwatangazia watu biashara zao mtandaoni. Alimpiga Zefania picha amesimama mbele ya mapipa, shati jeupe, mkono mmoja kiunoni. Picha hiyo akaitia kwenye tangazo la kulipia. Tangu siku ile, mtu yeyote aliyeandika kwenye simu yake jina la mafuta ya Msengi, au neno alizeti tu, kitu cha kwanza kumjia kilikuwa uso wa Zefania, na chini yake kitufe cha kupiga simu. Fedha zilikatwa benki kila wiki zikaenda kwa wenye mtandao huko ng'ambo, na Audax akapata sehemu yake.

Mwezi ulipokwisha Audax alileta hesabu. Alizifungua kwenye kompyuta, akaonyesha mstari wa kijani uliokuwa unapanda kutoka kushoto kwenda kulia. "Hawa wote, mzee, wamepita kwenye tangazo lako kabla ya kununua. Kila shilingi uliyotia imekurudia mara nne." Zefania aliuangalia mstari ule muda mrefu. Ulikuwa safi, hauna vumbi, hauna harufu ya mkaa, na juu yake palikuwa na picha yake. Hakuna mahali pale palipoandikwa Eliwaza. Alitembea kurudi kiwandani akiwa na furaha ambayo hakuijua tangu ujana, na alidhani ni furaha ya biashara.

Mwaka uliofuata bei ya mbegu ilipanda, ikabidi kubana matumizi. Audax alisema tangazo linastahili kuongezewa, wala halikuwa neno baya, kwa jinsi hesabu zilivyosomeka. Zefania akatafuta pa kupunguza, na jicho lake likaenda moja kwa moja mahali lilipokuwa linataka kwenda. Akamwita dada yake ofisini, akamwekea simu mezani mstari ukiwa wazi.

"Tangazo limeleta watu hawa," alisema. "Wewe umeleta wangapi?"

Eliwaza aliinama akautazama mstari. Alikuwa ametoka Ikungi asubuhi ile, na mikono yake ilikuwa bado inanuka moshi. "Siwezi kukwambia, kaka. Mimi siwahesabu. Nawaonjesha, wanakwenda."

"Wanakwenda wapi?"

"Kwao. Wengine hurudi."

"Wangapi hurudi?"

"Sijui," alisema Eliwaza. Na hilo ndilo lililommaliza. Alikuwa mtu mkweli, na mtu mkweli akiulizwa idadi asiyoijua hana pa kujificha. Laiti angejua kusema uongo kidogo, angetaja namba yoyote akabaki na kazi yake.

Hakumfukuza. Watu wenye heshima zao hawafukuzi ndugu, huwapunguzia. Kwanza ilikatwa nauli ya lori. Kisha mafuta ya kuonjesha yakaitwa hasara. Kisha Eliwaza akaambiwa apumzike nyumbani, kaka yake atamtunza, na kwa muda alimtunza kweli. Baadaye alisahau mpaka akakumbushwa, na Eliwaza hakuwa mtu wa kukumbusha mara mbili. Siku moja chumba chake katika ua wa baba yao kilikutwa kimefagiliwa na kufungwa, na ufunguo uko kwa jirani. Zefania alijisikia vibaya jioni ile, mpaka chakula kilipoletwa. Ile fedha ya nauli na ya mafuta ya kuonja aliitia kwenye tangazo, na mstari wa kijani ukapanda.

Msimu wa mavuno ulipoingia tena, mambo mawili yalitokea kwa pamoja, na hakuna aliyeyapanga. Baba yake Audax alifariki kule Bukoba, akafunga ofisi akaenda kuzika, na kwa sababu yeye ndiye mkubwa wa nyumba alikaa huko kumaliza mambo ya familia. Na benki ya Zefania ilibadilisha kadi. Ile ya zamani ilikufa. Mpya aliiacha kwenye bahasha yake akaitupa kwenye droo, akiwa na haraka, maana uwanja wa kiwanda ulikuwa umeshaanza kujaa wateja. Wenye mtandao walijaribu kukata fedha yao wakakuta kadi haifanyi kazi. Wakatuma taarifa kwa Audax, naye alikuwa amekaa na waombolezaji, hana habari. Basi tangazo likazimika.

Zefania hakujua. Msimu ule aliufurahia kuliko yote. Bajaji, pikipiki zilizofungwa madumu huku na huku, vigari vya kubeba mizigo kutoka Manyoni na Dodoma, wapishi wa shule, wenye migahawa, akina mama wa vikundi, mashine haikupoa. Mchungaji wa mtaa wao alipopita kuchukua mafuta ya nyumbani, Zefania alitoa simu mfukoni akamwonyesha. "Baba mchungaji, dunia imebadilika. Siku hizi mteja haitwi kwa mdomo." Mchungaji aliitikia kwa kichwa kwa heshima. Na wakati Zefania anasema maneno hayo, kwenye simu yake hapakuwa na kitu ila picha ya zamani aliyoihifadhi.

Mavuno yalikuwa yanaelekea mwisho Audax aliporudi. Alifungua ofisi, akafungua kompyuta, na hakuketi tena. Alikuja kiwandani kwa miguu, suti yake ya msiba bado mwilini, akamkuta Zefania ofisini.

"Mzee Msengi, nimekukosea. Tangazo lako limezimika."

"Limezimika leo?"

"Tangu mwanzo wa msimu. Kadi yako ya benki haikukubali, wakashindwa kukata fedha. Waliniandikia, nami nilikuwa msibani, sikusoma. Msimu mzima hukutangazwa mahali popote. Nisamehe sana, mzee. Tumepoteza wateja wengi."

Zefania aligeuka akatazama dirishani. Nje madumu yalikuwa yamepangwa mpaka getini, na watu wamekaa juu yake wakisubiri zamu, wanataniana. Walikuwa wengi kama mwaka jana; pengine kuzidi kidogo. Alitafuta kwa macho mahali ambapo wale wateja waliopotea wangekuwa wamesimama, na hakuona pengo.

Alimwambia Audax pole kwa msiba, akamwambia aende apumzike, watazungumza. Kisha akatoka nje, jambo ambalo hakuwa na desturi nalo, akaanza kuwasalimu wateja mmoja mmoja. Alisimama mbele ya mwanamke mnene, mchangamfu, aliyekalia dumu lake kama kiti cha sebuleni. Wote pale walimjua kwa jina la Mama Nyemo; alikuwa na mgahawa Manyoni.

"Mama," alisema Zefania, "wewe ulitujuaje?"

"Kwa mihogo!" Mama Nyemo akacheka. "Dada yako Eliwaza alinikaangia mihogo mnadani, zamani, nikiwa hata mgahawa sina. Nilikuwa sina hela siku ile. Akanipa kipande, akanipa na cha pili. Nikasema, nikifungua changu, mafuta ni haya."

"Si kwa lile tangazo la kwenye simu?"

"Tangazo?" Alikunja uso akifikiri. "Lile lenye picha yako? Mwaka jana nililibonyeza, ndiyo. Nilikuwa natafuta namba yenu, na ndilo lililokuwa juu. Mwaka huu sikuliona, nikabonyeza jina lenu lililofuata chini, lisilo na picha. Kwani kuna tofauti? Namba si ileile?" Halafu akauliza lile swali. "Eliwaza yupo?"

"Yuko safarini," alisema Zefania, akashangaa jinsi uongo ule ulivyotoka laini.

Aliwauliza wengine. Mzee mmoja alitaja mnada wa Itigi. Wapishi wawili walisema waliambiwa na mwenzao, na mwenzao aliambiwa na mwanamke wa mihogo. Kijana mmoja alisema mama yake alimtuma, na mama alikuwa amesema asinunue kwingine. Mwalimu mmoja mgeni, aliyehamishiwa Singida kutoka Mbeya, alisema yeye alikuja mara ya kwanza kwa sababu ya tangazo, mwaka uliopita, kwani hakuwa anamjua mtu. Kwa hiyo tangazo halikuwa bure kabisa. Jambo hilo lingemfariji mtu mwingine. Yeye lilimchoma, maana kama lingekuwa bure kabisa angelitupa akamlaani Audax, na mambo yangekwisha. Sasa ilimpasa kupima.

Hapa nawaomba mtulie kidogo, kwa sababu watu wengi wakifika hapa husema Audax alikuwa mwizi. Hakuwa. Aliyebonyeza alibonyeza kweli, na aliyenunua alinunua kweli. Hesabu zile zilikuwa sahihi kutoka juu mpaka chini. Zilisema ni wangapi waliopita katika mlango. Hazikusema ni wangapi wangebaki nyumbani kama mlango ule usingekuwepo, na hilo hakuna aliyeziuliza. Mtu akisimama getini siku ya harusi akamshika mkono kila anayeingia, anaweza kukutajia idadi ya waalikwa bila kukosea hata mmoja. Ukimlipa kana kwamba yeye ndiye aliyewaalika, kosa si la mkono wake.

Zefania aliyaelewa yote haya. Msimwone mjinga. Aliyaelewa kabla jua halijapinda siku ile, na alijua pia lipi linafuata. Aliuliza kwa jirani, akaambiwa Eliwaza yuko sokoni, kwenye vitunguu.

Alikwenda mchana. Pale sokoni, chini ya turubai, wanawake hukaa kwenye viroba vilivyotandikwa, wanakata majani na mizizi ya vitunguu na kuvichambua, na hulipwa kwa gunia. Alimwona kabla ya kuonekana. Alikuwa amekonda. Kisu kilikwenda mkononi mwake haraka bila yeye kukitazama. Zefania alikuwa amekuja na neno moja, rudi, na njia nzima alikuwa analigeuza mdomoni.

"Shikamoo kaka," alisema Eliwaza. Aliinuka upesi, akajifuta mikono kwenye kanga, akageuza kreti tupu juu chini na kulipangusa ili kaka yake akae.

"Marhaba. Hamjambo?"

"Hatujambo. Tunamshukuru Mungu."

"Watoto?"

"Mdogo anasoma. Mkubwa ameacha kwanza, yuko Dodoma anahangaika na kazi za ujenzi. Atarudi shule tukijaliwa." Alisema hivyo kama mtu anayetaja hali ya hewa. Macho yake yalikuwa mekundu, lakini pale chini ya turubai macho ya kila mtu ni mekundu, na Zefania akajishikiza kwenye hilo. "Wateja wanakuja, kaka?"

"Wanakuja."

"Afadhali. Na Mama Nyemo wa Manyoni, alishafungua ule mgahawa wake? Alikuwa anauota sana."

"Alifungua."

Uso wa Eliwaza ukafunguka. Alifurahi kweli, kama mtu aliyeambiwa habari za mwanawe. Na palepale neno la Zefania likakwama. Kwa maana hakuweza kusema rudi bila kusema kwa nini. Na kusema kwa nini ni kusema kwamba mstari ule wa kijani ulikuwa unahesabu watu wa Eliwaza, kwamba alimnyang'anya dada yake kazi akaupa mlango sifa za kazi hiyohiyo, na kwamba mtoto mmoja yuko Dodoma anabeba zege kwa sababu mjomba wake alipenda kuiona picha yake juu. Wanawake wengine walikuwa wamesimamisha visu. Walikuwa wanamtazama yule bwana wa mafuta, mwenye uso wa kwenye simu, wakisubiri aseme alichokuja kusema.

"Nimekuja kuchukua vitunguu vya nyumbani," alisema Zefania.

Eliwaza alimchagulia mwenyewe. Alichukua kimoja kimoja, akavibonyeza shingoni, vilivyokuwa laini akavitupa pembeni, vigumu na vikavu akavitia kiroba. Alizungumza na mwenye mzigo ili kaka yake asipandishiwe bei. Alikishona kiroba, akakinyanyua, akakipeleka mwenyewe mpaka kwenye gari. "Msalimie wifi," alisema. Zefania aliondoka, na alipofika njia kuu alisimamisha gari pembeni akakaa, mikono kwenye usukani, mpaka mtu wa bodaboda alipogonga kioo kumuuliza kama gari limeharibika.

Audax alirudi kabla wiki haijaisha. Msiba ulikuwa umempunguza, na jambo lile la msimu lilikuwa limemkaa rohoni. Alikuwa amelinganisha mauzo ya mwaka jana na ya mwaka huu, akaona alichokiona Zefania dirishani. Mwingine angenyamaza, maana mkate wake ulikuwa humo. Yeye alisema.

"Mzee, ipo njia ya kujua. Msimu ujao tulizime tangazo upande wa Manyoni na Dodoma, tuliache linawaka upande wa Babati na Arusha. Halafu tulinganishe madumu yanayokwenda kule na yanayokwenda huku. Kama linaleta watu tutaliona pengo kwa macho. Kama halileti, utaokoa fedha yako nyingi, na ukitaka utamrudisha yule dada yako barabarani, halafu tumpime naye kwa haki. Mimi nitapungukiwa, lakini nitalala usingizi."

Zefania alimtazama kijana yule, na kwa kitambo alimchukia kuliko alivyowahi kumchukia mtu. Miaka yote hiyo alikuwa anadai namba. Alimnyang'anya dada yake kazi kwa ajili ya namba. Sasa mtu amesimama mbele yake akimpa namba moja ya kweli, na yeye akaiona ikimjia kama mtu anavyoona gari linakuja na yeye yuko katikati ya daraja.

"Sitaki kujua," alisema. "Washa. Washa kote, uongeze."

Audax akaipokea kadi mpya ya benki mkononi mwa mzee, akaziandika namba zake, na tangazo likawaka. Watu waliokuwa wanakuja wakaanza tena kulibonyeza, kwa kuwa ndilo lililokuwa juu, na mstari wa kijani ukapanda kama haukuwahi kukatika.

Ulipanda mwaka ule na uliofuata. Kisha, polepole, ukaanza kulala. Minadani hapakuwa tena na mtu wa kukaanga mihogo. Wazee wa Itigi walikufa, mahoteli yakabadilisha wapishi, vijana wakaanza nyumba zao bila kuwa wameonja chochote. Mtu asiyekujua haandiki jina lako kwenye simu, na asiyeliandika halioni tangazo lililokaa juu yake likimngoja. Wale walioandika alizeti tu walikutana na nyuso za wakamuaji wengi, kila mmoja ameweka mkono kiunoni. Audax alisema ushindani umeongezeka, inabidi kuongeza fedha. Zefania akaongeza. Audax hakuzungumza tena habari ya kuzima huku na kuwasha kule. Alikuwa ameoa, na mtaalamu naye hula pale anapolishwa. Mashine ikaanza kupumzika alasiri. Baadaye ikawa inawashwa kwa zamu, siku ndiyo, siku siyo. Mama Nyemo alikuja mara ya mwisho akauliza swali lake, akajibiwa vilevile, akamtazama Zefania usoni kwa muda, kisha akalipa akaondoka. Safari iliyofuata alinunua kwa mwingine.

Katika ibada ya shukrani ya mavuno Zefania aliombwa azungumze na vijana juu ya biashara, kwani alikuwa bado na jina. Alisimama mbele ya madhabahu akainua simu yake, akawaambia kwamba siri yote iko humu. Vijana walipiga makofi. Eliwaza alikuwa kwenye benchi la nyuma na wanawake wenzake wa sokoni, naye alipiga makofi, kwa sababu aliyesimama mbele ni kaka yake. Hajawahi kurudi kiwandani, na hajawahi kuombwa.

Basi ninyi mliosikiliza, nijibuni hili moja. Fedha ya mwanzo Zefania aliitoa anunue wateja, na alikosea, kwa sababu wengi wao walikuwa wake tayari. Fedha anayoitoa sasa, hali akijua, ananunua nini?